Nazi, kisima na bima: hesabu za mkulima mdogo wa India

Katika vijiji vya Telangana, kusini mwa India, mkulima akitaka kuchimba kisima kirefu mara nyingi humwita kwanza mtu wa nazi. Mtu huyo huilaza nazi kwenye kiganja kilichokunjuliwa, kisha hutembea shambani polepole, macho hayabanduki kwenye nazi. Ikiinuka na kusimama wima, wanasema hapo ndipo penye maji. Panawekwa jiwe la alama, na lori lenye mtambo wa kuchimba linaitwa. Malipo ni kwa futi. Ukitoboa futi mia tatu za mwamba ukaambulia vumbi, umelipia futi mia tatu za vumbi.

Mkulima huyohuyo, aliyekopa fedha nyingi na kuzizika kwenye shimo ambalo pengine halina kitu, akifuatwa na wakala wa bima ya mazao anayedai rupia mia chache tu, anakataa. Jirani akimletea habari za mbegu mpya inayozaa mara mbili ya ile ya zamani, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, na msimu ukifika anapanda ile ya zamani. Halafu miaka miwili baadaye, bila kuhubiriwa na mtu, anaibadilisha mbegu yote kwa mpigo.

Kwa haraka haraka utasema huyu hajui kupima hatari. Na ndivyo wengi walivyosema kwa miaka mingi, kule India na huku kwetu: wakulima hawana elimu, wameng'ang'ania mila, wanahitaji semina. Mimi kauli hiyo imenichosha. Ukizichukua hesabu za mtu wa ekari mbili ukazifuata hatua kwa hatua, utakuta zinanyooka kuliko za wengi wanaomhubiria. Ila huanza na mwaka mbaya, ilhali mtaalamu huanza na mwaka wa kawaida.

Tuanze na ardhi. Sensa ya kilimo ya India ya mwaka 2015-16 ilikuta shamba la wastani lina hekta 1.08, yaani ekari mbili na nusu na ushei. Asilimia 86 ya mashamba yote yalikuwa chini ya hekta mbili. Karibu nusu ya eneo linalolimwa hutegemea mvua tupu, na mvua yenyewe huja kwa mkupuo mmoja: takribani robo tatu ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Septemba. Inaletwa na upepo ambao watu wa pwani yetu wanaujua vizuri, kusi, uleule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Unguja kuelekea Gujarat. Kwa kawaida hufika Kerala tarehe mosi Juni hivi, halafu hupanda kuelekea kaskazini. Unaweza kuwahi, unaweza kuchelewa, na unaweza pia kudanganya.

Hilo la kudanganya ndilo gumu. Mvua ya kwanza inanyesha, udongo unalowa kiasi cha kiganja, kila mtu anatoka na mbegu. Baadaye jua linawaka siku kumi na tano mfululizo. Mbegu iliyoota inakauka, na mkulima anarudi dukani kununua nyingine, kama bado ana fedha au duka bado linamkopesha. Aliyesubiri mvua ya pili ameokoa mbegu, lakini sasa pamba yake itakuwa inahitaji maji mwezi ambao mvua imekwisha kuondoka. Hakuna jibu sahihi la kudumu. Kila Juni ni kamari, na pesa inayowekwa mezani ni ya kukopa.

Hesabu yenyewe

Hebu tuiandike. Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, isipokuwa riba. Kule Telangana mkopeshaji wa kijijini hasemi asilimia. Husema "rupia mbili", yaani rupia mbili kwa kila mia kwa kila mwezi. Rupia mbili ni asilimia 24 kwa mwaka, na kuna wanaotozwa tatu.

Mkulima ana ekari mbili. Njia ya kwanza ni kupanda mtama uliochanganywa na mbaazi, mbegu za ghalani mwake, gharama ndogo anayoimudu bila kukopa. Mwaka mzuri anabakiwa na rupia 20,000. Mwaka mbaya anaambulia chakula tu, hapati wala hadaiwi. Njia ya pili ni pamba ya mbegu chotara, na mbolea, na viuatilifu, na vibarua wa kupalilia. Gharama ni rupia 40,000, zote za kukopa mwezi Juni na kulipa Januari au Februari, miezi minane, kwa hiyo deni linafika 46,400. Mwaka mzuri anauza pamba ya 90,000, anabakiwa na 43,600. Mwaka mbaya anauza ya 20,000, na anabaki akidaiwa 26,400.

Tuseme miaka mitatu kati ya minne ni mizuri. Ukipiga wastani, mtama na mbaazi vinampa 15,000 kwa mwaka, pamba inampa 26,100. Mtaalamu anafunga daftari lake hapo: pamba imeshinda, na anayepanda mtama anajipunja.

Ila mkulima hali wastani. Anajiuliza itakuwaje mwaka mbaya ukija kwanza. Atafika Juni inayofuata akiwa na deni la 26,400 linaloendelea kuzaa, atahitaji 40,000 nyingine, na nyumbani hakuna nafaka kwa sababu pamba hailiki. Mwaka mbaya wa pili ukifuatana na wa kwanza, na hufuatana, shamba lenyewe linaingia mashakani. Mwenye ekari ishirini na duka mjini anaweza kuvumilia miaka miwili ya hasara hadi wastani umfikie. Huyu wa ekari mbili hafiki huko.

Kuna kijiji kinaitwa Aurepalle, katika eneo la Mahbubnagar hukohuko Telangana, ambacho pengine kimechunguzwa kuliko kijiji kingine chochote cha wakulima masikini duniani. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, ICRISAT, ilianzishwa mwaka 1972 karibu na Hyderabad, na kuanzia 1975 ikaweka watu wake waishi Aurepalle na vijiji vingine kadhaa vya kusini na magharibi mwa India, wakiandika kila kitu: nani kapanda nini, kala nini, kakopa kwa nani, kauza ng'ombe lini. Hans Binswanger, mchumi aliyefanya kazi huko, alikwenda mbali zaidi. Aliwachezesha wanakijiji karata ya fedha halisi. Chagua moja: upewe rupia 50 bila masharti, au turushe sarafu upate 45 au 95, au 40 au 120, na kuendelea hadi kamari kamili ya 0 au 200. Kwa wakati ule dau la juu lilizidi mshahara wa mwezi wa kibarua, kwa hiyo si watu wa kujibu ovyo.

Dau lilipokuwa kubwa, karibu wote walichagua katikati. Hawakukimbilia usalama mtupu, wala hawakuwa wacheza kamari. La kushangaza zaidi ni kwamba matajiri na masikini wa kijiji hawakutofautiana sana. Basi kama mwenye shamba kubwa alinunua mbolea na mwenye shamba dogo hakununua, sababu haikuwa woga wa mmoja na ushujaa wa mwingine. Moyo ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa nani anakopesheka, kwa riba gani, na ana nini cha kuuza mambo yakiharibika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1980 na bado kuna miradi inayoanza kwa "kubadilisha mtazamo wa mkulima".

Miaka kadhaa baadaye Binswanger na mwenzake Mark Rosenzweig walizitumia kumbukumbu za vijiji vile kukadiria bei ya tahadhari. Pale ambapo siku ya kuanza mvua haitabiriki zaidi, masikini hujipanga kwa usalama, na faida ya robo ya chini kabisa ya wakulima hupungua kwa kiasi cha thuluthi moja. Matajiri karibu hawapotezi kitu. Kwa maneno mengine, masikini hulipa ada ya bima kila mwaka, ila hailipi kwa kampuni yoyote. Anailipa kwa kupanda mtama.

Bima isiyo na karatasi

Watu hawa hawakukaa kusubiri kampuni. Chukua maksai. Mbali na kulima, maksai ni benki ya miguu minne: mwaka mbaya anauzwa, mwaka mzuri ananunuliwa mwingine. Pampu ya maji inaongeza mavuno kuliko maksai, lakini nani atakununulia pampu iliyotumika mwaka ambao kijiji kizima hakina maji? Ndiyo maana watafiti walikuta maksai wakiuzwa sana wakati wa shida, na pampu karibu haziuzwi kabisa. Mtu anayekushauri ununue pampu amezihesabu lita, hajahesabu kwamba fedha ukishaiweka pale haitoki tena.

Kisha kuna ndoa. Kusini mwa India, kama sehemu nyingi za nchi ile, binti akiolewa huhamia kijiji cha mume. Utafiti katika vijiji hivyo vya ICRISAT ulionyesha kwamba familia ambazo mapato yao yanayumba zaidi huwaoza mabinti mbali zaidi. Mvua ikikosa Aurepalle, huenda imenyesha kwa wakwe, kilomita nyingi kutoka hapo. Gunia la mchele linakuja, na mwaka mwingine linarudi. Sisemi wazazi wanamtafutia binti mchumba wakiwa wameshika ramani ya mvua, lakini mtandao wa shemeji ni kinga, na kila bibi wa kijiji analijua hilo bila kusoma uchumi.

Ongeza mikopo midogo ya jirani kwa jirani, vibarua vya mjini msimu wa kiangazi, na sheria ya mwaka 2005 iliyoahidi kila kaya ya vijijini siku 100 za kazi za umma kwa mwaka. Robert Townsend alipochambua takwimu za Aurepalle na vijiji viwili vingine, katika utafiti uliochapishwa 1994, alikuta chakula cha kaya kinapanda na kushuka pamoja na cha kijiji kizima, zaidi ya kinavyofuata mavuno ya kaya yenyewe. Mmoja akiugua au akiibiwa ng'ombe, wengine wanambeba. Kinga hii ina tundu moja tu, na tundu lenyewe ni kubwa: mvua ikikosa, imekosa kwa wote. Jirani wa kukukopesha naye anatafuta wa kumkopesha.

Mbegu iliyoshinda na kwa nini

Sasa tunaweza kuuliza kwa nini baadhi ya teknolojia zilienea kama moto wa nyika. Hadithi maarufu ni ya ngano. Mwaka 1966 India iliagiza tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico, kazi ya Norman Borlaug na wenzake, na M. S. Swaminathan akaisukuma ndani ya India. Punjab ikabadilika ndani ya miaka michache. Tunaposimulia hadithi hii tunaitaja mbegu na kusahau vitu viwili. Punjab ilikuwa tayari na mifereji ya maji, kwa hiyo hatari ya mvua ilikuwa imepunguzwa kabla mbegu haijafika. Na mwaka 1965 serikali iliunda tume ya bei za mazao na shirika la kununua nafaka, kwa hiyo mkulima alijua kuna mnunuzi mwenye bei inayofahamika. Mbegu ile ilidondoka kwa mtu ambaye mwaka wake mbaya ulikuwa umekwisha kulainishwa.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu kipindi kile ambalo mimi hulipenda. Kaivan Munshi alilinganisha wakulima wa ngano na wa mpunga. Wa ngano waliangalia shamba la jirani, wakaona imefanya vizuri, wakapanda. Wa mpunga hawakumfuata jirani kiasi hicho. Walijaribu wenyewe kwenye vipande vyao. Sababu ni kwamba aina mpya za mpunga za wakati ule zilitegemea mno udongo na maji ya kila shamba, hivyo mavuno ya jirani hayakukuambia mengi kuhusu yako. Ndiyo maana shamba darasa la bwana shamba linaweza kupendeza na lisimshawishi mtu. Mkulima anatazama na kujisemea: hapo ni penu, na mfereji ni wenu.

Mfano wa pili unatoka Odisha, mashariki, ambako shida ni mafuriko. Mpunga unapenda maji ila ukizama siku nyingi unaoza. Aina inayopendwa sana huko inaitwa Swarna. Watafiti waliichukua jeni inayouwezesha mpunga kuvumilia kuzama, wakaiingiza katika Swarna kwa kuzalisha kwa kuchagua, na mwaka 2009 Swarna-Sub1 ikaruhusiwa kutumika India. Inaweza kukaa chini ya maji kama wiki mbili na ikainuka tena. Na jeni yenyewe ilitoka wapi? Kwenye mpunga wa asili wa hukohuko Odisha, mbegu ambayo wazee waliilima kwa sababu haikufa mafurikoni, ingawa ilizaa kidogo.

Mwaka ambao hakuna mafuriko, Swarna-Sub1 inazaa sawasawa na Swarna ya kawaida. Kwa hesabu ya mwaka wa kawaida, basi, faida yake ni sifuri. Hata hivyo, watafiti walipowagawia wakulima mbegu hiyo kwa bahati nasibu katika vijiji vya Odisha na kurudi baadaye, walikuta waliopata mbegu wameanza kufanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha: wameongeza eneo la kulima, wanaweka mbolea zaidi, wanapandikiza miche badala ya kumwaga mbegu, wanachukua mikopo zaidi. Mbegu ilikuwa imewaondolea mwaka mbaya, na hapo ujasiri waliokuwa nao siku zote ukatoka. Jambo jingine ni kwamba watu wa matabaka ya chini, ambao kwa historia ya dhuluma walisukumwa kwenye mashamba ya mabondeni yanayofurika, ndio waliokuwa na faida kubwa zaidi ya kupata.

Teknolojia inayoinua sakafu, basi, humfanya mkulima apandishe dari mwenyewe. Inayoinua dari na kuishusha sakafu humtaka akope na kuomba Mungu.

Kwa nini bima haiuziki

Kwa mantiki hiyo bima ingepaswa kugombaniwa. Mwaka 2003 shirika la mikopo midogo BASIX na kampuni ya ICICI Lombard zilianza kuuza Mahbubnagar bima ya aina mpya kwa wakulima wa karanga na nyonyo. Hakuna mkaguzi wa kuja shambani. Kuna kipima mvua kwenye kituo cha hali ya hewa; mvua ikipungua chini ya kiwango kilichoandikwa, kila aliyenunua analipwa. Ni rahisi, haina udanganyifu, na gharama zake ni ndogo. Wachumi waliipenda sana.

Wanunuzi walikuwa wachache. Watafiti walipochunguza, walikuta kioja: wale wanaoogopa hatari zaidi ndio walioinunua kidogo zaidi. Walioinunua ni wale waliolijua shirika tangu zamani, wenye akiba kiasi mkononi, na waliozoea kujaribu vitu. Jaribio jingine baadaye lilionyesha kwamba wakala akitambulishwa na mtu anayeaminika kijijini, mauzo yanapanda.

Kioja hicho kinatoweka ukisimama mlangoni kwa mkulima. Mtu asiyemjua anamwomba fedha leo, Mei au Juni, mwezi ambao kila rupia ina kazi, kwa ahadi ya kumlipa Oktoba kama chombo kilicho mbali kitasema mvua ilikuwa kidogo. Na wingu linaweza kunyesha kwenye kipima mvua likaruka shamba lake. Hapo amelipa ada, mazao yamekauka, na karatasi inasema mvua ilikuwa nzuri. Bima ya namna hiyo ina uwezo wa kuufanya mwaka mbaya uwe mbaya zaidi. Anayeogopa mwaka mbaya kuliko wote ndiye anayeikwepa kuliko wote, na anafanya sawa kabisa.

Mwaka 2016 serikali ya India ilianzisha mpango mkubwa wa bima ya mazao, Pradhan Mantri Fasal Bima Yojana. Mkulima analipa asilimia 2 ya kiasi kilichokatiwa bima kwa mazao ya msimu wa mvua, asilimia 1.5 kwa ya kipupwe, na 5 kwa ya biashara na bustani. Ada iliyobaki inabebwa na serikali kuu na ya jimbo. Hapa kinachopimwa ni mavuno. Watumishi wanachagua kwa bahati nasibu mashamba machache katika eneo la kijiji, wanapima kipande, mara nyingi mita 5 kwa 5, wanakata mpunga uliomo, wanapura, wanapima uzito. Matokeo ya vipande hivyo ndiyo yanayoamua fidia ya eneo zima. Fikiria watumishi wachache, majaribio mengi mno, yote kwenye wiki zilezile za mavuno, na kamba ya kupimia iliyoshikwa na mtu ambaye pande zote zina sababu ya kumwekea mkono begani. Sishangai kuwa picha za satelaiti na za simu zinaingizwa hatua kwa hatua.

Hadi 2020, mwenye mkopo wa benki alikatiwa bima hii kwa lazima, na wengi waligundua wana bima walipoona makato. Fidia zilichelewa, mara nyingine kwa sababu serikali za majimbo zilichelewa kulipa mgao wao. Majimbo kadhaa, Bihar na Gujarat yakiwemo, yalijitoa. Na fidia inayokuja baada ya msimu mwingine kupita haimsaidii mtu ambaye mkopeshaji wake anahesabu kwa mwezi.

Turudi kwenye nazi

Sasa lile shimo la kisima halionekani tena kuwa wazimu. Kisima chenye maji ndiyo bima ambayo mkulima anaiona kwa macho: mvua ikikatika siku kumi na tano anawasha pampu, na mwaka mbaya unageuka kuwa wa kadiri. Haombi fomu, wala hasubiri satelaiti. Ndiyo maana yuko tayari kuweka dau kubwa mara moja ili asiweke dau kila mwaka.

Balaa ni kwamba bima hii huliwa na wateja wake wenyewe. Telangana imekaa juu ya mwamba mgumu. Maji yamo kwenye nyufa, na nyufa za shamba langu zinaungana na za kwako. Tangu 2004 umeme wa kumwagilia ulikuwa wa bure kwa wakulima wa Andhra Pradesh, ambayo wakati huo ilijumuisha Telangana, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzima pampu. Kila aliyechimba alimlazimu jirani achimbe zaidi. Mkulima anachimba, anakosa, anachimba tena pembeni, na lile deni la kujikinga na ukame linakuwa hatari kubwa kuliko ukame. Kwenye habari za wakulima waliojiua katika ukanda huo, visima vilivyokosa maji hutajwa mara kwa mara pamoja na pamba na riba.

Pamba ilikuwa na safari inayofanana. Mbegu ya Bt, iliyowekewa jeni ya kuua funza wa vitumba, iliruhusiwa Machi 2002, lakini Gujarat ilikuwa imeshapandwa kwa siri kabla ya hapo. Hakuna semina iliyohitajika: funza ndiye aliyekuwa mwaka mbaya, na mbegu ilimwondoa. Katika muda wa miaka kumi na kitu ilikuwa imechukua zaidi ya asilimia 90 ya mashamba ya pamba. Halafu funza wa rangi ya waridi akajenga usugu, na dawa zikarudi. Mwaka 2017 katika wilaya ya Yavatmal, Maharashtra, watu zaidi ya 20 walikufa baada ya kuathiriwa na sumu wakinyunyizia pamba, iliyokuwa imerefuka kupita vichwa vyao, wengi bila kinga yoyote.

Nani aliwaambia wachanganye dawa zipi? Kwa kawaida ni mwenye duka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuta takribani kaya sita kati ya kumi za wakulima hazikupata ushauri wa kitaalamu kutoka popote, si serikalini wala kwingine. Mwenye duka yupo kila siku, anajua jina la mtoto wako, na anakopesha. Pia anauza. Mtu mmoja ni daktari, mfamasia na mkopeshaji, na kiini cha ushauri wake hukijui.

Simu imeanza kulivunja hilo, ingawa taratibu kuliko matangazo yanavyodai. Jaribio ninaloliona la maana halikuhusu programu yenye rangi nyingi. Katika vijiji 250 vya Telangana, watafiti waliwapa wakulima utabiri wa siku ya kuanza mvua, wiki kadhaa kabla. Walioambiwa mvua itachelewa walipunguza eneo la kulima na kutafuta shughuli nyingine. Walioambiwa itawahi walilima zaidi. Habari ileile iliwafanya watu watende mambo mawili yanayopingana, na wote walikuwa sahihi. Mwaka 2025 wizara ya kilimo ikatuma utabiri wa namna hiyo kwa ujumbe wa simu kwa wakulima wapatao milioni 38.

Hatari ya bei, hata hivyo, haitabiriki kwa wingu, na inavuka bahari. Mwaka 2015 mbaazi ziliadimika India na bei ikapaa. Wakulima wa Kalaburagi, Karnataka, na wa Maharashtra waliona, wakazijaza mashambani, mvua ya 2016 ikawa nzuri, na bei ikaporomoka. Agosti 2017 serikali ya India ikaweka ukomo wa kuagiza mbaazi, tani 200,000 tu kwa mwaka. Babati na Lindi, ambako watu walikuwa wamepanua mashamba ya mbaazi kwa sababu zilezile na kwa soko lilelile, kilo moja ikaanguka hadi shilingi mia chache, na madalali waliokuwa wakigombania mzigo mwaka uliotangulia hawakupokea simu. Kule Kalaburagi walipanga foleni kwenye vituo vya serikali vilivyonunua kwa bei iliyotangazwa, wakilalamika, na walikuwa na haki, kwamba foleni ni ndefu na magunia hayatoshi. Babati hapakuwa na foleni ya kupanga.